Mlima Baada ya Maji: Hesabu ya Mzamiaji wa Ziwa Kivu

"Afande, lori linaondoka saa nane mchana. Sisi tumetoka majini saa tano. Tunaruhusiwa kupanda?"

Swali hilo niliulizwa na konstebo mmoja kijana kwenye ufuko wa Cyangugu, mavazi yake ya kuzamia yakiwa bado yanachuruzika maji. Lori lilikuwa linakwenda Kigali kwa njia ya msitu wa Nyungwe. Yeye na wenzake walikuwa wamezamia siku mbili mfululizo, na hapana aliyekuwa akiumwa hata kidole. Mwandishi wa makala haya si mzamiaji kwa kazi. Silaha yake ni kalamu na kamera. Chuoni tulipokuwa maofisa wanafunzi tulifundishwa kusoma ramani, lakini hatukufundishwa kwamba mistari ya miinuko iliyochorwa ramanini yaweza kumdhuru mtu aliyetoka majini. Kwa hiyo nilimpeleka kijana kwa mkufunzi wake, nami nikaketi kusikiliza. Jibu lilichukua karibu saa nzima, na tangu siku ile nimelisoma zaidi, kwa kuwa linawahusu askari wengi kuliko nilivyodhani.

Linawahusu kwa sababu maziwa yetu yanaua. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza pamoja na mamia ya abiria. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, na siku mbili baadaye wazamiaji wakamtoa fundi wa mitambo akiwa hai ndani ya chombo kilichogeuka kifudifudi. Tarehe 3 Oktoba 2024, humu humu Kivu, mashua ya MV Merdi ilipinduka karibu na gati ya Kituku, Goma, watu wakiwa wanaiona kutoka nchi kavu. Kila jambo kama hilo litokeapo, anayeitwa kuteremka ni askari: wa majeshi, au wa polisi wa majini. Huteremka akiwa na haraka, jamaa za marehemu wakimtazama kutoka ufukoni, na haraka hiyo ndiyo adui wake wa pili baada ya maji yenyewe.

Sasa tuanze na hewa. Hewa tunayovuta ina sehemu nne kwa tano hivi za naitrojeni, gesi ambayo mwili haina kazi nayo. Tukiwa nchi kavu huingia na kutoka bila ya madhara. Lakini mzamiaji akiteremka, maji humbana, na hewa atokayo mtungini humfikia kwa shinikizo lililo sawa na la maji yanayomzunguka. Naitrojeni basi husukumwa kuingia katika damu, na kutoka katika damu kuingia katika misuli, mafuta, uti wa mgongo na viungo. Kadiri anavyokwenda chini zaidi na kukaa zaidi, ndivyo inavyozidi kujaa. Hakuna dalili yoyote anayoisikia. Mzigo unapakiwa naye hajui.

Taabu huja wakati wa kurudi. Kila mtu amekwisha fungua chupa ya Primus au ya Fanta na kuona viputo vikipanda kwa wingi: gesi iliyokuwa imetulia ndani ya kinywaji kwa nguvu ya kizibo hukimbilia nje kizibo kiondokapo. Ukikilegeza kizibo polepole, gesi hutoka taratibu wala hakuna povu. Mwili wa mzamiaji ndiyo chupa, na maji yaliyo juu yake ndiyo kizibo. Akipanda kwa utaratibu, naitrojeni hurudi mapafuni na kutoka kwa pumzi. Akipanda kama kizibo kilichorushwa, viputo hufanyika ndani ya damu na nyama zake. Hapo ndipo huja maumivu ya bega au kiwiko, kuwashwa ngozi, ganzi, kizunguzungu, na katika hali mbaya miguu kukosa nguvu na mkojo kuziba. Wafanyakazi waliojenga misingi ya daraja la Brooklyn huko New York, ndani ya masanduku makubwa ya hewa iliyobanwa, walipatwa sana na maradhi hayo. Mhandisi mkuu wao, Washington Roebling, aliugua mwaka 1872 na hakupata tena afya yake kamili.

Mtu aliyeleta hesabu katika jambo hilo ni mtaalamu wa Uingereza, J. S. Haldane. Pamoja na Boycott, na ofisa wa jeshi la majini aitwaye Damant, aliwaweka mbuzi katika chumba cha chuma, akawaongezea shinikizo, kisha akalipunguza kwa namna mbalimbali na kutazama ni mbuzi gani anayeinua mguu kwa maumivu. Mwaka 1908 walichapisha majedwali yao. Haldane aliugawa mwili katika mafungu matano, kama mapipa matano yanayojazwa kwa mifereji ya ukubwa tofauti: moja hujaa nusu kwa dakika 5, jingine kwa dakika 10, na la mwisho, lililo zito kuliko yote, kwa dakika 75. Aliona pia kwamba mtu aweza kustahimili shinikizo kupungua hadi nusu bila ya kuugua. Damant hakuishia kwenye karatasi. Kati ya mwaka 1917 na 1924 aliongoza wazamiaji wa jeshi lake kutoa dhahabu katika meli ya Laurentic iliyozamishwa na mabomu ya majini karibu na Ireland, katika kina cha m 40 hivi. Katika vipande 3,211 vya dhahabu walitoa 3,186, na hakupoteza mzamiaji hata mmoja. Jeshi lenye kuheshimu jedwali hurudi na watu wake.

Kutokana na mapipa hayo ndipo lilipopatikana jambo ambalo kila mzamiaji wa leo hulikariri: kikomo cha kuibuka moja kwa moja. Maana yake ni dakika ambazo mtu aweza kukaa katika kina fulani, na bado akawa na ruhusa ya kupanda hadi juu, kwa mwendo wa taratibu, pasipo kusimamishwa njiani. Akizidisha dakika hizo, sharti asimame katika vituo vya lazima kwa muda uliopangwa, na aliye na kituo cha lazima ni sawa na mtu aliyezuiwa chini ya dari: juu kuna hewa na jua, lakini hana haki ya kwenda. Jedwali mashuhuri la jeshi la majini la Marekani la mwaka 1957 lilitoa dakika 60 kwa futi 60, yaani m 18. Dakika 25 kwa futi 100, yaani m 30. Na dakika 10 tu kwa futi 130, yaani m 40. Tazama jinsi kina kinavyokula muda. Mashirika yanayofundisha uzamiaji wa burudani yamejiwekea majedwali yao, mengine yakiwa makali zaidi, lakini sura ya hesabu ni ile ile.

Hapa pana kosa ambalo askari huliangukia kwa tabia ya kazi yake. Sisi tumezoea amri: hadi hapa ruhusa, kuanzia hapa marufuku. Kikomo cha mzamiaji si mpaka uliochimbiwa mawe. Majedwali mengi ya zamani yalijaribiwa kwa mabaharia vijana wenye afya, na hata kati yao wachache waliugua wakiwa ndani ya ruhusa. Sajini wa miaka 45 mwenye kitambi, aliyelala saa tatu na kunywa maji kidogo, hana mwili ule ule uliomo ndani ya jedwali.

Hata mwendo wa kupanda una hadithi yake. Miaka ya 1950 jeshi la majini la Marekani lilikuwa na wazamiaji wa namna mbili. Wapiganaji wa majini waliogelea kwa mapezi na walitaka kupanda kwa kasi ya futi 100 kwa dakika au zaidi. Wale wa kofia za shaba, wanaovutwa kwa kamba, walisema futi 25 kwa dakika zinawatosha. Wakubwa wakakubaliana futi 60, kwa kuwa futi moja kwa sekunde ni rahisi kukumbuka. Kwa miaka mingi ulimwengu mzima ukapanda kwa mwendo huo, kana kwamba umetoka katika maumbile ya mwili, na kumbe ulitoka katika mashauri ya mezani! Ilipofika mwaka 1993 jeshi hilo likaupunguza hadi futi 30, yaani m 9 kwa dakika.

Wakati huo huo vyombo vya kusikiliza viputo ndani ya damu vilikuwa vimekwisha patikana, navyo vikafichua siri: wazamiaji wengi wasiokuwa na ugonjwa wowote walikuwa na viputo baada ya kutoka majini. Katika miaka ya 1970 mtafiti Andrew Pilmanis, akifanya kazi kisiwani Catalina huko California, aliwasikiliza watu waliozamia futi 100 kwa dakika 25, yaani hadi ukingoni mwa ruhusa. Waliosimama dakika mbili tu karibu na uso wa maji walionekana kuwa na viputo vichache mno kuliko wale waliopanda moja kwa moja. Mwaka 1989 wataalamu walikutana Woods Hole, Marekani, wakapendekeza kusimama dakika 3 hadi 5 kwa kila mbizi. Hicho ndicho kituo cha usalama: dakika tatu katika kina cha m 5 hivi.

Kituo hicho kisichanganywe na kile cha lazima. Kituo cha usalama ni bima. Mzamiaji aliyeishiwa hewa, au ambaye mwenzake ameumia, akikiacha hajavunja sheria; na aende juu. Lakini asiye na dharura kwa nini akikache? Kupanda kutoka m 18 kwa mwendo halali ni dakika mbili. Ongeza tatu za kusimama, ni tano kwa jumla. Kuna askari hufunga kamba za viatu kwa muda mrefu kuliko huo.

Yote hayo yameandikwa kwa ajili ya bahari. Sasa tuje Rusizi.

Uso wa Ziwa Kivu uko m 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa iliyo juu yake ni nyepesi: shinikizo la pwani tukilihesabu kuwa 1, la hapa ni kama 0.84. Mtu angedhani kwamba hewa nyepesi ni nafuu kwa mzamiaji. Sivyo hata kidogo. Kumbuka kanuni ya Haldane ya nusu. Baharini mtu hufikia shinikizo maradufu akiwa m 10. Katika Kivu hulifikia akiwa m 8 na nusu tu, maana kitu kinachozidishwa mara mbili ni kidogo zaidi. Chupa yetu inafunguliwa mahali ambapo nje pamelegea kuliko pwani, na viputo vinapenda sana ulegevu huo.

Kwa hiyo wataalamu hukigawa kina cha kweli kwa shinikizo la mahali, ndipo wakaingia katika jedwali. Futi 60 za Kivu zikigawanywa kwa 0.84 zinakuwa 71 na ushei. Jedwali halina 71, basi huchukuliwa safu inayofuata ya futi 80. Zile dakika 60 za baharini zimekuwa 40. Futi 100 zinakuwa 119, nazo husomwa 120: dakika 25 zimeshuka hadi 15. Askari aliyefunzwa Mombasa au Dar es Salaam akija Kamembe na hesabu za kichwani, anajidhulumu dakika kumi hadi ishirini kila aingiapo majini, na kwa kuwa hakuna linalouma papo hapo, atadhani hesabu zake ni sahihi. Isitoshe, aliyefika leo kutoka pwani bado ana naitrojeni ya pwani mwilini. Na angoje saa 12 kabla ya kuzamia.

Si Kivu peke yake. Wanaozamia hesabu huanza kuitwa za mlimani kutoka m 300 kwenda juu. Tanganyika iko karibu m 770, na Victoria m 1,134. Maziwa yetu makubwa yote hayo ni ya mlimani, na vitabu karibu vyote ni vya bahari. Waliolishughulikia sana jambo hili ni Waswisi, ambao nao wanaishi kati ya milima na maziwa. Profesa Albert Bühlmann wa Zürich alitengeneza majedwali maalumu ya miinuko, na mwaka 1987 hesabu zake zilitumika katika Ziwa Titicaca, Amerika ya Kusini, kwenye urefu wa m 3,800. Hesabu zake zimo ndani ya kompyuta nyingi za mkononi za wazamiaji wa leo. Lakini kompyuta si zote sawa: nyingine huutambua mwinuko zenyewe, nyingine hungoja kuambiwa. Isiyoambiwa itahesabu kana kwamba iko Zanzibar. Hali kadhalika kipima kina cha mshale kilichofungwa kiwandani kwa shinikizo la pwani hudanganya: hapa Kivu huonyesha pungufu kwa m 1 na nusu hivi. Mkufunzi yule alikuwa na dawa yake, kamba yenye jiwe chini na vifundo vilivyopimwa kwa utepe. Kifundo chenye kitambaa chekundu kilikuwa kati ya m 4 na m 5, na hapo ndipo kila mtu alishika na kuhesabiwa dakika zake tatu. Kamba, alisema, haihitaji betri.

Watu huuliza juu ya gesi za Kivu, zile za methani na kaboni daioksaidi zilizojaa chini. Zipo kweli, na huko Karongi methani imekuwa ikitoa umeme tangu mwaka 2015. Lakini ziko mbali mno chini ya mzamiaji wa mtungi. Gesi inayomhusu ameibeba mgongoni mwenyewe.

Tumebakiwa na lori. Mzamiaji aliyetoka majini hajamaliza kupanda. Naitrojeni inaendelea kumtoka kwa saa nyingi. Ndiyo sababu huzuiwa kupanda ndege, maana shinikizo ndani ya ndege laweza kupungua hadi kulingana na la m 2,400 hivi. Shirika la kimataifa la usalama wa wazamiaji, DAN, hushauri kungoja walau saa 12 baada ya mbizi moja isiyokuwa na vituo vya lazima, na walau saa 18 kwa aliyezamia mara nyingi au siku kadhaa. Aliyekuwa na vituo vya lazima angoje zaidi ya hapo sana. Sasa tazama ramani ya Rusizi. Barabara ya Kigali huacha ziwa, huingia Nyungwe, na hupanda hadi m 2,400 na zaidi kabla ya kuteremka upande wa Nyamagabe. Ni karibu m 1,000 juu ya maji. Askari aliyeketi ndani ya lori, koti limefungwa shingoni kwa baridi ya msitu, yumo ndani ya ndege ingawa magurudumu yako juu ya lami. Anayeishi Bugarama, mahali pa chini kuliko pote Rwanda, kwenye m 950 hivi, akishavuka vilima vya Kamembe huteremka na kujiongezea usalama. Anayeishi Huye hana bahati hiyo.

Jambo hili ni gumu zaidi kwa mgonjwa. Maumivu huanza mara nyingi saa chache baada ya kutoka majini, yaani huenda yakaanzia kwenye kona za Nyungwe usiku, mahali pabaya kuliko pote. Tena askari huficha. Bega linamuuma, anasema amebeba mtungi vibaya; mguu una ganzi, anasema ameukalia. Ujasiri wa namna hiyo haumsaidii mtu. Anayehisi dalili alazwe chali, apewe oksijeni tupu ya kuvuta, anyweshwe maji kama ana fahamu, wala asirudishwe majini kujaribu kujitibu. Daktari aarifiwe mara moja kwamba mtu huyu alizamia, kwa kina gani na dakika ngapi, maana tiba yake ni chumba cha shinikizo, na njia ya kumfikisha huko lazima ipangwe kwa kuogopa mwinuko: kama ni ndege, iruke chini au ijazwe shinikizo la kutosha. Kamanda mwenye busara huulizia chumba hicho kiko wapi kabla mtu wa kwanza hajalowa.

Mkufunzi alimaliza kwa kuchukua kijiti na kuandika mchangani. Mbizi ya mwisho, saa tano asubuhi. Siku mbili za kuzamia, saa 18. Akajumlisha mbele ya vijana wote: saa kumi na moja alfajiri ya kesho.

"Na lori, afande?" aliuliza yule konstebo.

"Lori liende na mitungi. Mitungi haina damu."

Saa nane likaondoka. Jioni ile nikawakuta vijana kwenye ukuta wa gati wakila sambaza wa kukaanga, huku mitumbwi ya wavuvi, mitatu mitatu iliyofungwa kwa miti mirefu, ikitoka kwenda kuvua usiku. Gari jingine liliwachukua asubuhi saa kumi na mbili na nusu.